Plastiki za Lami na Rubisi ya Ukweni

Chekeni mmalize kwanza, maana najua mmeshaisikia hii habari kwa watu wengine na kila mtu anaisimulia anavyopenda yeye. Wapo wanaosema nilitia petroli kwenye pombe ya posa, wapo wanaosema mzee wa watu alilazwa, na juzi pale sokoni Bukoba nimemsikia mama mmoja nisiyemjua kabisa, ananunua zake dagaa, anamwambia mwenzake eti kuna kijana wa Kishanda amewanywesha wakwe zake lami. Lami, jamani. Niliaibika, sikatai, niliaibika mbele ya koo mbili nimevaa koti la kuazima, lakini kama ni aibu basi niaibike kwa kilichotokea na si kwa uongo wa watu, kwa hiyo leo nawasimulia mwenyewe mambo yalivyokuwa.

Kazi yangu mnaijua. Pale Kahororo tuna kikundi chetu, tunakusanya plastiki, chupa, ndoo zilizopasuka, madumu ya oili kutoka gereji, tunasaga kwa mashine yetu ndogo mpaka zinakuwa vipande kama kucha, tunawauzia wajenzi wa barabara. Watu wakisikia hivyo wanasema tunaokota makopo (na wanasema kwa sauti ile ile wanayosemea wezi wa ndizi), lakini hakuna hata mmoja anayeuliza makopo yanaenda kufanya nini. Basi sikilizeni. Mawe yanachomwa moto kwenye mtambo, yakishapata moto sawasawa unamwagia vile vipande, vinayeyuka palepale na kulivaa kila jiwe, halafu ndipo lami inamwagwa, ikishika imeshika, maji hayapati pa kupenya. Na sisi huku barabara zetu zinauawa na nini kama si maji? Mvua ya Kagera haiombi ruhusa. Kila mwaka watu wanalia mashimo, na ukiwaletea dawa ya mashimo wanakuita mwokota makopo.

Mmoja wa hao alikuwa mzee Rwezaula wa Maruku, baba yake Aneth. Aneth ndiye niliyekuwa nataka kumuoa, na mwanzoni alimwambia baba yake kwamba nafanya kazi za barabara, mzee akafurahi sana, akadhani ni injinia. Halafu mtu mwenye mdomo mrefu akamnong'oneza kazi yenyewe ni ipi. Mzee akamwita binti yake akamwambia, "Mwambie aje na watu wake Jumamosi, nimwone. Nikimwona ndiyo nitajua kama nina mkwe au nina mtu wa takataka." Kwa hiyo Jumamosi ile haikuwa ya kunywa na kula tu, ilikuwa ni siku ya kupewa Aneth au kunyimwa, na kila mtu nyumbani kwetu Kishanda alilijua hilo. Baba aliivisha ndizi zake mwenyewe, maana alisema rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumposea mwanawe hawezi kununua kwa mtu.

Sasa wiki hiyo hiyo, hebu oneni mambo, nikapeleka magunia ya plastiki kambini kwa wajenzi huku Muleba, na msimamizi wa mtambo akafungua gunia moja, akatia mkono, akanusa vidole, akasema hazifai. Kisa, zina matope na oili. Nikamwambia bwana, hizi zinaenda kwenye lami. Akasema hata kama. "Zikiingia na uchafu hazishiki kwenye jiwe. Kazioshe, zikauke, uniletee kabla hatujahamisha mtambo." Nilisimama pale nikiangalia lile pipa la lami, jeusi kuliko sufuria la msibani, linatiririka mpaka chini, na mtu mwenye nguo nyeusi mpaka kwenye kola ananiambia mimi ndiye niliyeleta uchafu. Nilikasirika mpaka nikasahau kuaga.

Kurudisha magunia Bukoba ilikuwa haiwezekani, gari lililoyaleta lilishaondoka, na Kishanda kwetu ni karibu, na chemchemi ipo chini ya shamba. Nikayapeleka nyumbani. Nikamwomba mama mabeseni yake mawili yale makubwa, akaniangalia kama nimemwomba figo. "Mabeseni yangu hayaingii oili." Nikamwambia nitayaosha, mama. "Nimesema hayaingii oili." Na hapa ndipo nasema, na nitasema mpaka nizeeke, kwamba siku ile mama angenipa mabeseni mimi leo ningekuwa mtu wa heshima.

Nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, upo mtumbwi wa rubisi wa baba. Kwa ambao hamkulelewa kwenye migomba, mtumbwi huu haujawahi kuona ziwa na hautaliona, ni gogo kubwa limechongwa likatobolewa kama mtumbwi wa kuvulia, humo ndimo wanaume wanakanyagia ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, na humo humo maji hayo yanalala na mtama wa kukaanga mpaka yawe pombe. Ule wa kwetu alichonga babu. Baba anaujali kuliko anavyotujali sisi (sitanii, mvua ikinyesha anatoka kuangalia kwanza mtumbwi). Lakini siku ile baba alikuwa ameenda kutafuta mtama, mtumbwi ulikuwa mkavu, mrefu, hauvuji, na mimi nina magunia na nina msimamizi anayenisubiri. Nikasema ni mara moja tu.

Nikajaza maji ya moto, nikamwaga sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua, nikamimina vipande. Na nawaambia, kazi ilikwenda vizuri ajabu. Plastiki zinaelea, matope yanazama, oili inatandaa juu ya maji inang'aa rangi zote, mimi nazichota kwa ungo (wa mama, hakujua, akijua leo mtakuwa mmemwambia ninyi) nazianika juani kwenye turubai. Nilipomaliza nikauosha mtumbwi wenyewe. Na si kuosha kwa kudanganya. Niliusugua kwa sabuni ile ile na brashi, nikamwaga, nikasugua tena, nikasuuza, nikauanika mpaka ukakauka ukawa unanukia kuliko nguo za Krismasi. Nikasema moyoni, baba mwenyewe hajawahi kuusafisha hivi. Kumbe mti unakunywa, wenzangu. Unakunywa sabuni, unakunywa oili, unanyamaza nayo ndani, unasubiri ndizi.

Baba aliporudi alikuwa na mafua, yale ya kuziba pua kabisa. Mnaona jinsi mambo yanavyojipanga? Mwaka mzima mzee ana pua inayosikia mtu akichoma samaki kijiji cha pili, na wiki ya posa yangu pua imeziba. Akakanyaga ndizi zake na majirani wawili, wakatia mtama, wakafunika kwa majani ya mgomba, na kesho yake wakifunua, povu. Povu jeupe limejaa mpaka ukingoni. Baba akafurahi, akasema hii imechangamka, hii ni dalili njema. Jirani mmoja akataka kuonja, baba akamkatalia, kwa sababu pombe ya ukweni ikianza kuonjwa nyumbani inafika nusu. Mimi nilikuwa pale nimesimama naangalia lile povu. Nikajiambia ni mtama.

Msinitazame hivyo. Ningesema nini? Na zaidi nilikuwa na furaha zangu, kwa sababu msimamizi alipokea plastiki zangu, akazipima, akazichanganya mbele yangu, na mimi nikasimama kuangalia mawe yanavyobadilika yakawa yanang'aa kama yamepakwa mafuta, halafu lami ikaja juu yake. Wakatengeneza vipande vya kupimia nguvu, vya mviringo, vizito, kama keki ndogo nyeusi, nikamwomba kimoja akanipa. Nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikakitia kwenye kapu la zawadi. Nilikuwa na mpango wangu, nimwonyeshe mzee Rwezaula kwa macho yake kwamba hii si takataka, kwamba akigonga nyundo hapa, nyundo ndiyo itakayolia.

Basi Jumamosi tukaenda Maruku. Mimi, baba na mafua yake, na baba mdogo Leonidas ambaye ndiye msemaji wetu, pamoja na wajomba wawili wa kutubebea pombe. Tukapokewa vizuri, siwezi kusema uongo, nyasi laini zimetandazwa sakafuni, kahawa ya kutafuna imepitishwa kwenye kikapu kidogo, salamu zikaenda zikarudi. Baba mdogo anajua kuongea. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli, akianza kusifia ukoo wetu hata mimi nilitamani kuzaliwa humo. Mzee Rwezaula alikuwa ananiangalia tu, anatafuna kahawa yake taratibu.

Ikafika pombe. Na mila mnaijua, aliyeleta ndiye anaonja kwanza, ili mwenyeji ajue hakuletewa sumu. Wa kuonja alikuwa msemaji wetu. Sasa Mlutheri huyu aliacha pombe kabla sijazaliwa, anaonja kwa ajili ya mila tu. Akamiminiwa kwenye kibuyu, povu likapanda, likamwagika, likaendelea kumwagika, baba mdogo akalipuliza pembeni kwa adabu, akanywa funda moja. Niliona koo lake linasita. Macho yakamtoka kidogo. Halafu akameza, akajifuta midomo, akawaambia kwa heshima, "Ni njema, waitu." Na akampa mzee Rwezaula kwa mikono miwili.

Mzee alikunywa kama mtu mwenye kiu. Akakwama katikati ya kunywa, kibuyu mdomoni, hamezi, hatemi. Akameza mwishoni, maana mwenye nyumba hatemi mbele ya wageni, akakiweka kibuyu chini, akamwita mdogo wake, akamwambia, "Onja." Yule mdogo wake hakuwa na subira ya kaka yake, alitema mlangoni, akasema hii ina sabuni, akalamba midomo, akasema hapana, ina sabuni na kitu cha gari.

Basi mambo yakaharibika. Wote wakamgeukia baba mdogo, wewe umeonja, umesema ni njema, ulikuwa na maana gani? Na mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu, badala ya kututetea akasema kwa unyonge, "Mimi niliacha siku nyingi. Nilidhani siku hizi ndivyo ilivyo." Watu waliokuwa uani wakaangua kicheko. Na nikasikia kicheko kimoja kutoka jikoni ambacho nakifahamu, cha Aneth. Aneth mwenyewe, ambaye tumekuja kwa ajili yake. Iliniuma, nimeshamwambia, na ataambiwa tena.

Labda yangeishia kwenye kicheko. Lakini yule mdogo wake mzee alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi, akasema tuone na hilo kapu mmeleta nini kingine, akapekua, akatoa kitambaa changu cheupe, akakifungua, akakuta dude jeusi. Mnajua maneno yanayosemwa huku kwetu kuhusu pombe na sumu. Mtu amekunywa kitu kibaya, na ndani ya kapu la walioleta kuna dude jeusi limefungwa sanda. Shangazi yake Aneth akasogea nyuma. Mmoja wa wajomba zangu (sitamtaja, anajijua) akaanza kuvaa viatu.

Bwana harusi hapaswi kuongea siku ile. Anakaa, anainama, wazee wanaongea. Lakini ningekaaje na watu wanatuona wachawi? Nikasimama. Nikasema jamani hiyo si sumu, hiyo ni lami. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira, na kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga yale maneno wiki nzima, nikaona niwaelimishe kabisa, nikaanza na mawe ya moto, nikaja kwenye vipande vya plastiki, nikaeleza vinavyoyeyuka na kulivaa jiwe, maji hayapiti, barabara inadumu, takataka zinapungua mjini, nikakinyanyua kile kipande juu nikakigonga kwa kibuyu. Kibuyu kikapasuka. Rubisi ikamwagika kwenye nyasi, ikatoa povu.

Ndipo baba yangu akaniuliza taratibu, "Kamugisha, hizo plastiki uliziosha wapi? Mama yako aliniambia alikunyima mabeseni."

Ningeweza kusema mtoni. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema mtoni. Nikasema, "Kwenye mtumbwi, tata. Lakini niliuosha kwa sabuni."

Baba akavua kofia akaiweka magotini. Mzee Rwezaula akamtazama baba, akanitazama mimi, akatazama kile kipande cha lami mkononi mwangu, akasema, "Kumbe mlikuja kunionyesha barabara, mkaona niinywe kabisa." Halafu akasema watatuita. Hakusema lini. Tulipokuwa tunatoka niliwaona akina mama wanaimwaga ile pombe, na hata kwenye migomba hawakumwaga, waliibeba mpaka kwenye shimo la choo. Na madumu waliyobebea ni plastiki, naomba mliandike hilo kichwani, kila siku wananywea plastiki, wanachotea maji plastiki, wanahifadhia mafuta ya kula kwenye plastiki, lakini ikishikwa na mimi inakuwa balaa.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo baya. Aliujaza mtumbwi maji, akayamwaga, akajaza tena, akaloweka majivu, akaloweka nyasi, kila asubuhi anainama ananusa (mafua yalikuwa yamepona, bila shaka, yalipona siku ya pili yake). Siku moja akanikuta uani akasema, "Uchukue mtumbwi wako ukaoshee plastiki zako." Mtumbwi wako, amesema. Aliochonga baba yake. Uko Kahororo sasa, tunaoshea humo, na kila mteja anausifia. Yeye akitaka kukamua anaenda kuazima kwa jirani, na jirani kabla ya kumpa anamuuliza kwanza kama mimi nipo nyumbani. Anamuuliza mbele za watu, na baba anajibu, "Hayupo," kama anayejibu habari za mgonjwa.

Maruku walituita, mwisho wa yote. Walituma neno kwamba tuje tena, ila tusijisumbue na rubisi, tulete soda. Mnaelewa hilo tusi lina uzito gani? Mhaya anaenda kuposa na soda, kama anaenda kwenye ubatizo wa mtoto. Baba alitaka kukataa. Mimi mwenyewe nilivimba siku kadhaa. Lakini ukiwa huna Aneth, hasira utaishi nayo wapi, kwa hiyo tukaenda, na nikaapa njiani kwamba maadamu naishi sitagusa chombo cha mtu anachopikia wala anachonywea, na kwamba beseni nitanunua langu, kubwa, na nitaliandika jina.

Wakanywa soda zetu. Msemaji wetu Mlutheri ndiye pekee aliyefurahi, siku hiyo alionja chupa nzima. Mzee Rwezaula alikunywa ya machungwa, polepole, akaniuliza swali moja tu. "Ile barabara yako, maji hayapiti kweli?" Nikasema hayapiti, tata, na mvua za juzi zimeipitia pale Muleba, nenda kaiangalie. Akasema, "Nimeshakwenda." Akamgeukia baba yangu akamwambia Aneth ni wenu.

Tulipokuwa tunaaga, mama yake Aneth akatoka nyuma ya nyumba, amegeuka pembeni asinitazame usoni kama heshima inavyotaka, anaburuta gunia. Ndani ni zile chupa za plastiki za soda tulizoleta, zote, tupu, zimesuuzwa, na juu yake chupa nyingine za kwao alizokuwa ameweka, sijui tangu lini. "Mkwe," akasema, "mzigo wako huu." Watu wakacheka, mpaka baba akacheka. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, na yote makali. Nikajitwika gunia, nikasema asante mama.